Fedha iliyo ndani na bei iliyo juu: niliyojifunza kwa sarafu za zamani za Marekani

Anayetaka kukusanya sarafu za fedha za Marekani aanze kwa kuukariri mwaka 1964. Senti kumi, robo dola au nusu dola yoyote iliyopigwa kwa matumizi ya kawaida yenye mwaka huo, kurudi nyuma hadi 1837, ina asilimia 90 ya fedha na asilimia 10 ya shaba. Senti kumi na robo dola za mzunguko kuanzia 1965 hazina fedha hata chembe. Huo ndio mpaka, na ukiujua vizuri unaweza kuanza na chenji iliyo mfukoni mwako.

Mimi niliujulia kazini. Nilikuwa keshia wa zamu ya usiku katika duka la kituo cha mafuta, Columbus, Ohio. Mwenzangu wa zamu, mama mtu mzima aliyezaliwa mjini humo, alikuwa na mazoea ya kuzipanga robo dola kiganjani na kuzitazama ubavuni kabla ya kuzirudisha kwenye droo. Nilipomwuliza anatafuta nini, akanionyesha. Zote zilikuwa na mstari wa hudhurungi ubavuni isipokuwa moja, nyeupe tupu, ya mwaka 1962. Akatoa robo yake, akaiweka kwenye droo, akaichukua ile. Meneja alikuwa ameshamruhusu, mradi hesabu itimie asubuhi.

Mstari ule unatokana na jinsi sarafu za sasa zinavyotengenezwa. Juu na chini zina ngozi ya shaba iliyochanganywa na nikeli, katikati ni shaba tupu, na ubavuni ile shaba inachungulia. Sarafu ya fedha ni mchanganyiko mmoja toka juu hadi chini, kwa hiyo ubavu wake ni wa rangi moja. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote. Unaweza kupitisha macho kwenye rundo zima la robo dola na kuiona ya fedha bila kusoma mwaka hata mmoja.

Sauti nayo husaidia. Fedha ikigonga meza hulia kwa mlio mwembamba unaodumu kidogo, na sarafu ya kisasa hutoa mlio mfupi uliofifia. Baada ya miezi kadhaa pale kaunta sikio langu lilikuwa linashtuka kabla ya jicho. Lakini kipimo hiki kifanye kwa sarafu ya kawaida tu. Sarafu adimu haidondoshwi mezani, kwa sababu kovu moja ukingoni linakula bei yake.

Baada ya jicho na sikio, nunua mizani. Ile ndogo ya kidijitali ya masonara, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, haina bei kubwa, na kwa maoni yangu ndiyo kifaa cha kwanza kununua, kabla ya lenzi na kabla ya kitabu chochote cha bei. Senti kumi ya fedha ina gramu 2.50, ya kisasa 2.27. Robo ya fedha ina 6.25, ya kisasa 5.67. Nusu dola ya fedha ina 12.50, ya kisasa 11.34. Sarafu iliyotumika sana hulika na kupungua kidogo, lakini kwa kawaida haishuki mpaka ikafikia ya kisasa. Mashine za kuhesabu chenji zilizoko kwenye maduka makubwa nazo hupima sarafu, na mara nyingi huikataa ya fedha na kuitema kwenye kisahani cha chini. Watu wengi huondoka bila kuinama kutazama kisahani hicho. Mimi huinama.

Kwa nini Marekani iliacha fedha? Bei ya fedha ilikuwa inapanda, na mwaka 1963 ilifikia dola 1.29 kwa wakia (ile ya masonara, gramu 31.1). Kwa bei hiyo, dola nzima ya fedha ilikuwa na madini ya thamani ya dola moja kamili. Ingepanda zaidi, watu wangeziyeyusha, na tayari walikuwa wanazificha, chenji imeadimika madukani. Tarehe 23 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoondoa fedha kabisa kwenye senti kumi na robo dola, na kuipunguza kwenye nusu dola hadi asilimia 40. Mwaka 1967 serikali ilipiga marufuku kuyeyusha sarafu za fedha, kisha ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 1969.

Hiyo asilimia 40 wengi hawaijui, na ndiyo inayowafaidi wanaotafuta sarafu za fedha benki. Nusu dola za John Kennedy za 1965 hadi 1969 zina fedha ya asilimia 40 na uzito wa gramu 11.50. Ubavuni mstari wake si wa hudhurungi wazi, umefifia, na jicho la haraka linaupita. Nusu dola haitumiki sana madukani, kwa hiyo zilizowekwa kwenye mitungi miaka ya sitini hurudi benki mwenye mtungi akifariki na watoto wakaamua kuzibadilisha. Nilikuwa nikiomba dirishani vifurushi vya karatasi vya nusu dola, kila kimoja sarafu 20 za dola 10. Navipekua nyumbani, naondoa za fedha, zilizobaki nazipeleka benki nyingine. Usiwarudishie walewale makarani sarafu walizokupa jana. Ni kuwachosha bure, na siku moja watakataa.

Senti tano zina kisa chao. Kwa kawaida senti tano ya Marekani haina fedha, ni shaba na nikeli. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nikeli ilihitajika kwa silaha, na kuanzia Oktoba 1942 hadi mwisho wa 1945 senti tano zilipigwa kwa asilimia 56 ya shaba, 35 ya fedha na 9 ya manganizi. Hapa mizani haisaidii, maana uzito ni gramu 5 uleule. Tazama nyuma, kwenye nyumba ya Rais Jefferson iitwayo Monticello. Juu ya kuba pameandikwa herufi kubwa, P, D au S. Ikiwepo, ni ya vita na ina fedha. Za 1942 ziko za aina zote mbili, hivyo kwa mwaka huo fuata herufi. Mara nyingi rangi yake pia humwita mtu, kijivu kilichochakaa na weusi wa mafuta kwenye mabonde ya picha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila ndugu yangu anayeanza alishike. Sarafu ya fedha ya zamani ina bei mbili. Ya kwanza ni ya madini, na hiyo inapanda na kushuka na soko la dunia. Ya pili ni ya uhaba, yaani ni ngapi zilizobaki katika hali kama ile na ni watu wangapi wanazitaka. Nyingi zina bei ya kwanza tu. Chukua robo dola ya 1964. Kiwanda cha Philadelphia kilipiga zaidi ya milioni 560, na cha Denver zaidi ya milioni 704. Mtu akikuuzia moja iliyochakaa kwa maneno ya "ina umri wa miaka sitini, ni ya kihistoria", ujue anakuuzia bei ya pili kwa kitu chenye ya kwanza tu. Kisha chukua robo dola ya 1932, mwaka wa kwanza wa sura ya George Washington. Madini ni yaleyale, uzito uleule. Lakini nyuma, chini ya tai na kitawi chake, kama kuna herufi ndogo D kiwanda kilipiga 436,800, na kama ni S zilipigwa 408,000. Herufi hiyo moja inaipandisha bei mara nyingi juu ya madini.

Kwa hiyo jifunze herufi za viwanda na mahali zinapokaa. D ni Denver, S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City kule Nevada, na isiyo na herufi, kwa sarafu hizi za zamani, karibu zote ni za Philadelphia. Kwenye senti kumi ya msichana mwenye kofia ya mabawa, iliyopigwa kuanzia 1916 hadi 1945 na kuchorwa na Adolph Weinman, herufi iko nyuma karibu na neno ONE. Ile ya 1916 yenye D ilipigwa 264,000 tu, na kwa sababu hiyo matapeli hubandika D kwenye ile ya Philadelphia. Sarafu hiyo usiinunue kwa kuiona kwenye picha.

Nilizipenda dola kubwa kuliko zote. Dola ya Morgan ilianza 1878, ikachorwa na George T. Morgan, Mwingereza aliyehamia Philadelphia. Ina gramu 26.73 na upana wa milimita 38.1, na ukiishika unahisi uzito wake. Ilizaliwa na siasa za migodi. Nevada ilikuwa inatoa fedha nyingi, bei ikawa inaporomoka, na mwaka huo Bunge likailazimisha hazina kununua fedha ya mamilioni ya dola kila mwezi na kuigeuza sarafu. Watu wa mashariki ya nchi walipenda noti, hawakutaka mfuko mzito. Dola hizo zikalala ghalani kwenye magunia ya elfu moja moja kwa miongo.

Kuanzia mwaka 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Marekani iliyeyusha zaidi ya dola milioni 270 kati ya hizo, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ikauzwa kwa Waingereza ili iende India, ambako watu walikuwa wanakimbilia kubadilisha noti kwa rupia. Nilipolisoma hili nilisimama. Rupia ya India wakati huo ndiyo iliyokuwa pesa ya Mombasa, Nairobi na Unguja, na kupanda kwa bei yake baada ya vita ndiko kulikoisukuma serikali ya kikoloni ya Kenya kuiacha, ikaja florini mwaka 1920 na shilingi mwaka 1921. Madini ya Nevada, noti za India na ujira wa kibarua wa Mombasa vilikuwa kwenye kamba moja. Nilikuwa nadhani ninakusanya historia ya watu wengine. Tangu hapo sijafikiri hivyo tena.

Kuyeyusha huko kuna funzo la vitendo. Idadi iliyopigwa haitoshi kukuambia uhaba, kwa sababu hujui ni ngapi zilizoponea tanuri na ni ngapi zilizokaa ghalani mpya. Dola ya 1885 ya Carson City ilipigwa 228,000. Ya 1889 ya hukohuko ilipigwa 350,000. Ukihesabu tu, utadhani ya 1885 ni adimu zaidi. Lakini sehemu kubwa ya zile za 1885 zilikutwa salama kwenye hazina, na serikali ikaziuza kwa wananchi miaka ya sabini zikiwa hazijaguswa. Za 1889 hazikuwemo ila kwa bahati. Leo ile ya 1889 iliyo mpya inaiacha mbali sana ya 1885 kwa bei. Na mwishoni mwa 1962, hazina ilipoanza kutoa magunia ya zamani, dola ya 1903 ya New Orleans, iliyokuwa miongoni mwa zilizotafutwa kuliko zote, ikatokea kwa wingi na bei yake ikaanguka. Anayekusanya bei ya pili lazima ajue kwamba ghala moja likifunguliwa linaweza kuiondoa.

Ujuzi huu ulinifaa hata nyumbani. Mtoto wa kaka yangu, anayeuza vifaa vya simu Kariakoo, alinitumia picha kwa WhatsApp.

"Shikamoo shangazi. Kuna jamaa ana dola ya zamani ya Marekani, ya fedha, anasema amerithi kwa bwana mmoja mzungu. Niichukue?"

"Marahaba mwanangu. Geuza nyuma, nisomee herufi zilizo chini ya shada la majani."

"CC, shangazi. Na mwaka ni 1887."

Pale pale nilijua. Kiwanda cha Carson City hakikupiga dola yoyote mwaka 1886, wala 1887, wala 1888. Nilimwomba hata hivyo aende kwa sonara jirani na mwenye nayo ili ipimwe, kwa sababu nilitaka aone kwa macho yake, asinitegemee mimi tu. Ikaja gramu ishirini na kitu, pungufu sana ya 26.73. Akamrudishia jamaa kwa adabu na biashara ikaishia hapo. Dola bandia za aina hii zimejaa mitandaoni duniani kote, Morgan na ile dola ya biashara iliyopigwa 1873 hadi 1878 kwa ajili ya biashara na China. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala iandikwe COPY, lakini watengenezaji walioko nje hawaijali. Usiridhike na sumaku peke yake. Ikinasa, ni bandia bila mjadala. Isiponasa haijathibitisha kitu, kwa kuwa shaba na zinki nazo hazinaswi. Pima uzito, pima upana, kagua meno ya ukingo kama yamepangika, tafuta vipele vidogo na mabonde laini yasiyo na sababu, kisha uulize kama mwaka na herufi viliwahi kuwa pamoja. Swali hilo la mwisho ni la bure na limeokoa pesa nyingi.

Kuna jambo linaloniuma kila ninapokwenda kwenye minada ya nyumba za marehemu: sarafu zilizosuguliwa. Watu wanadhani wanaziheshimu. Fedha ikikaa miaka hushika weusi kutokana na salfa iliyo hewani, wakati mwingine inatoka rangi ya dhahabu, zambarau na buluu ukingoni, na utando huo wenyewe ni ushahidi kwamba ngozi ya sarafu haijaguswa. Ukisugua kwa majivu, dawa ya meno au ile dawa ya kung'arishia vyombo, unaondoa ngozi pamoja na weusi, na hairudi. Mzee mmoja mwenye duka la sarafu alinifundisha kutambua. Washa taa moja, shika sarafu ukingoni, izungushe polepole. Mng'ao wa asili hutembea kwenye uso wote kwa miale inayotoka katikati. Iliyosafishwa hung'aa mahali pamoja tu, na chini ya lenzi utaona mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Sarafu isafishwe lini? Ikiwa na ute wa kijani uliotokana na mfuko laini wa plastiki, iloweke kwenye asetoni safi bila kusugua, dirisha likiwa wazi na moto uko mbali. Nje ya hapo iache.

Kuhusu kununua na kuuza, hesabu ya madini ni fupi. Robo nne, au senti kumi kumi, au nusu mbili, zikiwa za asilimia 90, zina wakia 0.7234 ya fedha tupu. Wauzaji wengi hutumia 0.715 kwa sababu ya kulika. Zidisha kwa bei ya wakia ya siku hiyo, nawe una bei ya kwanza. Dola nzima ya Morgan au ile ya Amani iliyoanza 1921 ina zaidi kidogo, wakia 0.7734, kwa kuwa sarafu ndogo zilipunguzwa uzito mwaka 1853 na dola haikuguswa. Sinunui kitu juu ya bei ya madini mpaka niweze kusema kwa sentensi moja ni nini kinachoiongezea thamani: herufi, mwaka, au hali yake. Januari 1980 wakia ya fedha ilikaribia dola 50, kisha Machi ikaporomoka, na katika joto lile sarafu nyingi sana zilipelekwa kwenye tanuri. Waliozinunua kileleni walisubiri miongo. Pesa ya ada ya mtoto au ya kutuma nyumbani haifai kuwekwa humu.

Likizo iliyopita, Tanga, nilimwomba mama anitolee sarafu za zamani alizoachiwa. Shilingi za Afrika Mashariki zenye sura ya mfalme, za 1921 hadi 1946, zina robo tu ya fedha. Rupia ya Wajerumani yenye kichwa cha Wilhelm wa Pili ina gramu 11.66 na fedha ya karibu asilimia 92, bora kuliko sarafu yoyote ya Marekani niliyoitaja hapa. Mama alikuwa ameziweka zote kwenye kopo moja na vifungo.

Sasa kila sarafu yangu ina bahasha yake ndogo ya karatasi isiyo na asidi, na juu yake nimeandika kwa Kiswahili mwaka, kiwanda, uzito niliopima mwenyewe, bei niliyolipa, na neno moja kati ya mawili, "madini" au "adimu". Binti yangu mkubwa ameshaelezwa: za "madini" anaweza kuziuza kwa uzito siku yoyote akihitaji, za "adimu" azipeleke kwa wauzaji wasiopungua watatu, na yeyote atakayeanza kwa kuziweka kwenye mizani na kutaja bei ya kilo, achukue bahasha zake aondoke.